Je, mtaalamu wa dinosaria aliyerejelewa mara 1,900 ni mtafiti dhaifu?

Swali: Nimemaliza shahada ya uzamili na ninatafuta msimamizi wa uzamivu katika utafiti wa visukuku vya dinosaria. Mtafiti ninayemtamani amefanya kazi kwa takriban miaka 20. Ana makala 41 ambazo kwa jumla zimerejelewa mara 1,900, na kipimo chake cha h ni 19. Rafiki yangu anayechunguza saratani ananiambia kwamba katika idara yao takwimu hizo ni za mtu anayeanza, na kwamba nitapoteza muda wangu kwa mtu asiyesomwa. Namba hizi nizisomeje?

Jibu:

Ndugu msomaji, rafiki yako amesema kweli kuhusu idara yake, ila amepima kitambaa kwa kibaba. Katika fani ya dinosaria, takwimu ulizonitajia ni za mtafiti mwenye kazi imara, anayesomwa na wenzake. Hata hivyo sitaki uishie kwenye faraja hiyo, kwa sababu namba hizohizo zingeweza kuwa za mtu hodari au za mtu wa kawaida aliyebahatika kushiriki katika makala moja mashuhuri, na tofauti kati ya hao wawili ndiyo itakayoamua miaka minne au mitano ijayo ya maisha yako.

Kipimo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mtafiti mwenye h ya 19 ana makala 19 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 19, na nyingine zote hazizidi hapo. Hirsch mwenyewe alibainisha katika makala yake kwamba watafiti wa sayansi za viumbe hupata vipimo vikubwa kuliko wanafizikia, yaani tangu siku ya kwanza kipimo hiki hakikukusudiwa kuvuka mipaka ya fani kama tunavyokivusha leo. Isitoshe, kipimo hiki hakioni kilele: ikiwa makala moja ya mtafiti wako imerejelewa mara 600, kwa h inahesabika sawa na ile iliyorejelewa mara 19. Ukiwa na jumla ya 1,900 na h ya 19, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba makala mbili au tatu zimebeba sehemu kubwa ya mzigo, na jambo la kwanza ambalo ningekushauri ni kuzitafuta hizo na kutazama zinahusu nini. Hakikisha pia umejua namba zimetoka wapi. Google Scholar, Scopus na Web of Science, ambazo ni kanzidata za kuhesabu marejeo, humpa mtu yuleyule jumla tatu tofauti, kwa kuwa ya kwanza huhesabu hata tasnifu, vitabu na matoleo ya makumbusho ambayo nyingine mbili mara nyingi huyaacha nje.

Sasa tuje kwenye sababu. Ili makala irejelewe, lazima mtu mwingine aandike makala. Watafiti wa saratani ni umati mkubwa, wanaochapisha kwa kasi na kurejeleana ndani ya miezi. Wataalamu wa dinosaria ni jamii ndogo ambayo wengi wao hujuana kwa sura, na kazi yao ina mwendo ambao fedha wala bidii haiwezi kuuharakisha sana. Mfupa unaotoka mwambani umefungwa kwa plasta hufika maabara ukiwa bado ndani ya jiwe lake, na fundi huketi chini ya darubini akiondoa punje baada ya punje kwa sindano na kalamu ya hewa, pengine kwa miezi kadhaa kwa fuvu moja tu. Scelidosaurus, dinosaria wa Uingereza, ni mfano ninaoupenda. Richard Owen alimwandika kati ya 1861 na 1863, mnyama akapata jina na sifa, lakini maelezo kamili ya mifupa yake yalisubiri hadi David Norman alipoyachapisha kwa sehemu nne kuanzia 2020. Katika kanzidata, sehemu hizo ni makala nne zenye umri mdogo. Yeyote anayejua kazi ile anaona deni la karibu miaka 160 lililolipwa.

Kwa hiyo marejeo katika fani hii huja kwa kuchelewa, na huendelea kuja muda mrefu baada ya fani nyingine kusahau. Mfikirie Werner Janensch, aliyeongoza pamoja na Edwin Hennig uchimbaji wa Tendaguru, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, kati ya 1909 na 1913. Mwaka 1914 alimpa jina Brachiosaurus brancai, mnyama ambaye leo wengi humwita Giraffatitan na ambaye mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Baada ya hapo Janensch aliandika polepole: mafuvu katika miaka ya 1930, uti wa mgongo mwaka 1950, na mifupa ya miguu na mabega mwaka 1961, karibu nusu karne baada ya uchimbaji kwisha. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa mnyama yule una urefu wa sentimita 213. Kipimo hicho kilichukuliwa na mtu aliyeinama na utepe mkononi, kikaingia katika jedwali la Kijerumani, na hadi leo kila anayetaka kukadiria uzito au mwendo wa dinosaria yule hukipitia kwa njia moja au nyingine. Michael Taylor alipoonyesha mwaka 2009 kwamba mnyama wa Tendaguru na Brachiosaurus wa Marekani wanastahili kutengwa katika jenasi mbili, maelezo ya Janensch yalikuwa mezani pake kana kwamba yameandikwa jana. Kigezo cha athari cha majarida, ambacho kwa kawaida huhesabu marejeo ya miaka miwili tu baada ya kuchapishwa, kingesema kuhusu kazi kama hiyo kwamba haikuwa na lolote.

Niongeze jambo hapa ingawa halikuulizwa. Uchimbaji wa Tendaguru ulifanywa na mamia ya wafanyakazi wa Kiafrika, na msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alisifiwa kwa ustadi wake na Wajerumani waliofanya kazi naye. Katika kanzidata yoyote ya marejeo, Boheti ana sifuri. Ninakueleza hili kwa sababu nataka ukumbuke kwamba orodha tunayoiita mchango wa kisayansi ilianza na mlango mwembamba, na waliopita mlangoni si wote waliofanya kazi.

Kuna mfano mwingine ambao kila ninapoufikiria hunigusa. Miaka ya 1930 Rex Parrington alikusanya katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa nchi hiyohiyo, mifupa michache ya mnyama wa kipindi cha Triasiki. Alan Charig aliichunguza kwa ajili ya tasnifu yake ya Cambridge ya mwaka 1956, akatumia baadaye jina Nyasasaurus, lakini hakuwahi kuchapisha maelezo rasmi hadi alipofariki mwaka 1997. Sterling Nesbitt na wenzake waliichunguza upya, na Desemba 2012 wakatangaza kwamba huenda huyo ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria. Wakamweka Charig miongoni mwa waandishi. Walifanya vivyo hivyo mwaka 2017 kwa Teleocrater, mnyama mwingine wa tasnifu ileile. Kwa hiyo kuna mtafiti ambaye makala zake zilizopata umaarufu mkubwa zilitoka miaka 15 na 20 baada ya kifo chake, na kipimo chake cha h kinaweza kupanda hadi leo. Kwa miaka 40 na zaidi kazi hiyo ilikuwepo, ilikuwa nzuri, ilisomwa na waliojua mahali pa kuitafuta, na kwa hesabu ya kanzidata ilikuwa karibu na hewa tupu. Sikwambii kwamba kutochapisha ni sifa njema. Charig angechapisha, tungefika mbali mapema zaidi. Ninakwambia kwamba ukimya wa namba na ukimya wa kazi ni vitu viwili.

Marejeo hupotea pia kwa njia ambazo mtu wa nje hawezi kuzikisia. Majarida makubwa huweka kikomo kwa orodha ya marejeo iliyo mwishoni mwa makala. Makala fupi inayotangaza spishi mpya hubaki na kurasa chache zinazochapishwa, na kazi yenyewe, yaani ulinganishaji wa mfupa kwa mfupa pamoja na jedwali la sifa za kila spishi linalotumika kutafuta nasaba yao, huhamia katika faili la viambatisho lenye pengine kurasa 100. Humo ndimo wanamotajwa wale walioeleza kwa subira kila pingili ya wanyama waliolinganishwa, na kanzidata kwa kawaida hazifungui mafaili hayo. Kuna na lile la majina. Tunaandika Tyrannosaurus rex Osborn, 1905, jina la mtaalamu likiwa limebandikwa kwenye jina la mnyama, lakini waandishi wengi hawaiweki makala hiyo ya 1905 katika orodha yao. Jina la Osborn hutajwa na haliongezi hata rejeo moja. Ikiwa msimamizi unayemtaka ni mtu wa maelezo ya mifupa na utaratibu wa majina, basi chukulia kwamba namba unazoziona ni pungufu ya zile anazostahili.

Upande wa pili, kuna kazi ambazo marejeo huzimiminikia. Mwaka 1976 R. McNeill Alexander, mtaalamu wa mwendo wa wanyama, alichapisha makala ya kurasa mbili akionyesha jinsi ya kukadiria kasi ya dinosaria kutokana na nyayo zake. Unapima urefu wa unyayo, unauzidisha kwa takriban nne ili kupata kimo cha nyonga, kisha unapima umbali kutoka unyayo mmoja hadi unyayo unaofuata wa mguu uleule, na unaingiza vipimo viwili hivyo katika kanuni yake. Unyayo wa sentimita 50 hukupa nyonga ya mita 2. Umbali huo ukiwa mita 2.6, mnyama alikuwa akienda takriban mita 1.7 kwa sekunde, sawa na kilomita 6 na kidogo kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Tangu wakati huo, karibu kila anayekuta msururu wa nyayo mahali popote duniani hupiga hesabu hiyo, na anapoandika humtaja Alexander. Ilikuwa makala ya werevu mkubwa, na inastahili heshima yake. Lakini ilirejelewa sana pia kwa sababu ni chombo, na chombo humrudia fundi kila siku, ilhali maelezo ya mnyama mmoja huhitajiwa tu na mwenye mnyama wa kulinganisha.

Ndivyo ilivyo kwa majedwali ya sifa. Nesbitt alichapisha mwaka 2011 kazi ya kurasa 292 kuhusu nasaba ya wanyama wa kundi la akosauria, ambamo dinosaria wamo. Wengi waliomfuata walichukua jedwali lake, wakaongeza spishi yao na sifa kadhaa, wakaendesha uchanganuzi upya na kumtaja. Hapo marejeo yanapima jambo la kweli kabisa, kwamba watu wamejenga juu ya msingi wake. Ukikuta kwamba makala zinazombeba msimamizi wako ni za aina hiyo, na yeye ndiye aliyekaa na mifupa ili kuijaza ile safu na mlalo, furahi. Ukikuta ni makala yenye waandishi 30 ambamo yeye ni wa kumi na saba, swali lako bado halijajibiwa.

Tena, kurejelewa si kukubaliwa. Machi 2017 Matthew Baron, David Norman na Paul Barrett walipendekeza kuupangua mgawanyo wa dinosaria uliodumu tangu Harry Seeley, mwishoni mwa miaka ya 1880, alipowagawa kwa umbo la nyonga. Walichukua wala nyama wa miguu miwili, wakawaunganisha na kundi la wala majani wenye nyonga mfano wa ndege, na kuwaacha wale wenye shingo ndefu upande wa pili. Kabla mwaka haujaisha, Max Langer na kundi la wataalamu kutoka nchi mbalimbali walilirudia jedwali lao, wakarekebisha walichokiona kuwa makosa, wakapata mpangilio wa zamani, ingawa walikiri kwamba tofauti ya uzito kati ya mipangilio hiyo miwili ilikuwa ndogo. Makala ya Baron inarejelewa sana, na sehemu kubwa ya marejeo hayo ni ya watu wanaopinga, wanaopima, au wanaotaja tu kwamba mjadala upo. Kwangu mimi huo ni mchango halisi, kwa kuwa iliwalazimisha watu kurudi makabatini kutazama mifupa waliyodhani wanaijua. Kanzidata haiwezi kukwambia hilo. Itakupa jumla tu. Jumla hiyo pia haitofautishi mjadala na kosa. Mwaka huo wa 2020 ambapo Norman alikuwa akilipa deni la Scelidosaurus, fuvu dogo lililohifadhiwa ndani ya kaharabu ya Myanmar lilitangazwa mwezi Machi kwa jina Oculudentavis kama la dinosaria mdogo mfano wa ndege, na mwezi Julai waandishi wakaiondoa makala yao. Baadaye ikaonyeshwa kwamba mnyama yule ni mjusi. Makala zilizoitaja ili kusahihisha nazo zilihesabika kuwa marejeo.

Kuhusu wingi wa makala, nitasema machache. Edward Cope aliandika makala zipatazo 1,400 katika karne ya 19, na aliwahi kumchora mtambaazi wa baharini Elasmosaurus akiwa na fuvu mwishoni mwa mkia. Idadi ya spishi ambazo mtu amezipa majina nayo si kipimo cha ubora, ingawa wapo waliounganisha vyote viwili. Xu Xing wa China ameshiriki kuwapa majina zaidi ya dinosaria 60, na kazi yake kuhusu dinosaria wenye manyoya ilibadilisha fani nzima. Makala 41 kwa miaka 20 ni mbili kwa mwaka. Kwa mtu anayekwenda uwandani, anayefundisha na anayeeleza mifupa kwa ukamilifu, sioni upungufu.

Nimeketi katika kamati za tathmini, na nakumbuka siku moja ambapo orodha ya mtaalamu wa visukuku iliwekwa kando ya orodha ya mtaalamu wa kinga ya mwili, watu wakatazama safu ya mwisho ya jedwali, wakapiga kura. Hakuna makala hata moja iliyofunguliwa. Niliumia, na bado naumia, kwa sababu azimio la San Francisco la tathmini ya utafiti, lililoandaliwa Desemba 2012 na kutangazwa mwaka uliofuata, lilikuwa tayari limeziomba taasisi zisome kazi yenyewe badala ya kuihukumu kwa jina la jarida. Wewe una nafasi ya kufanya kile ambacho kamati ile haikufanya, na hakitakuchukua zaidi ya juma moja.

Chukua makala zake tano zilizorejelewa zaidi na nyingine tano zilizorejelewa kidogo. Kwa kila moja tazama nafasi ya jina lake kati ya waandishi na, ikiwa jarida linaeleza nani alifanya nini, soma maelezo hayo. Kisha, na hapa ndipo ningetumia muda mwingi, fungua makala kadhaa za watu wengine zinazomtaja, nenda hadi kwenye sentensi yenyewe, uone inasema nini. Jina lake likiwa la sita katika mabano yenye majina nane, umejifunza kidogo. Mtu akiandika kwamba alifuata maelezo yake ya mfupa fulani, au kwamba alikwenda kuitazama sampuli kwa macho yake akakuta alichoandika ni sahihi, umejifunza mengi. Sentensi moja ya namna hiyo ina uzito kwangu kuliko marejeo 50 ya kupitia. Usiache zile tano za chini. Mara nyingi humo ndimo utakapokuta maelezo marefu ya mnyama mmoja, yenye picha za kila pembe na vipimo vilivyopangwa vizuri, ambayo wachache wanayahitaji leo na ambayo yatamsubiri mtu kama Janensch alivyomsubiri Taylor.

Tafuta pia wanafunzi wake wa zamani. Angalia kama tasnifu zao zilichapishwa, baada ya muda gani, na kama majina yao yalitangulia la msimamizi. Hilo halimo katika kipimo chochote cha marejeo, na kwa mtu anayetafuta msimamizi ningeliweka juu ya h. Kisha mwandikie, kwa heshima na kwa ufupi, umweleze ni makala yake ipi uliyoisoma hadi viambatisho, na umwulize ni sampuli zipi zilizo chini ya uangalizi wake ambazo bado hazijaelezwa, na ni ipi kati ya hizo angemkabidhi mwanafunzi mpya.